Nyumba ya Wageni Juu ya Maji: Sayansi ya Kuishi katika Msitu Uliofurika

Mwanafunzi akiulizwa nyumba hujengwa wapi, atajibu bila kusita kwamba hujengwa juu ya ardhi imara. Jibu hilo ni sahihi kwa sehemu kubwa ya dunia, lakini halitoshi katika msitu wa Mamirauá, ulioko katika Jimbo la Amazonas nchini Brazili. Msitu huo umo kati ya mto Solimões, ambalo ndilo jina la Mto Amazon katika sehemu hiyo, na mto Japurá. Huko maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 10 hadi 12 kila mwaka. Mahali ambapo mtu hutembea kwa miguu mwezi Oktoba, mwezi Juni hupitwa kwa mtumbwi, katikati ya matawi ya miti.

Katika msitu huo, tangu mwaka 1998, ipo nyumba ya wageni iitwayo Uakari. Haifikiwi na barabara wala nyaya za umeme. Mabanda yake matano, yenye vyumba kumi, yanaelea juu ya maji. Mto ukipanda nayo hupanda, ukishuka nayo hushuka. Mgeni hufika kwa mashua kutoka mji wa Tefé, ambao uko karibu sawasawa na Arusha kwa umbali wake kusini ya Ikweta. Nyumba kama hiyo ni maabara kamili kwa mwalimu wa sayansi, kwa maana kila jambo ambalo mjini tunalipata kwa kufungua bomba au kubonyeza swichi, huko hapana budi likokotolewe.

Mto unaofurika kwa wakati wake

Sisi huyahesabu mafuriko kuwa ni balaa. Katika bonde la Amazon mafuriko ni majira, kama vuli na masika. Mvua za bondeni na maji yanayotoka katika milima ya Andes hukusanyika taratibu, na kwa kuwa mteremko wa mto ni mdogo sana, maji hayakimbilii baharini bali husambaa msituni. Kwa kawaida kilele hufika mwezi Mei au Juni, na maji huwa machache kabisa kati ya Septemba na Novemba. Maji ya Solimões yamejaa tope la Andes, na tope hilo ndilo mbolea ya msitu huu, ambao wenyeji huuita vazea.

Mwaka 1989 Wolfgang Junk na wenzake wawili walieleza kwamba katika mito ya namna hii mafuriko ndiyo mapigo yanayoendesha uhai wote. Miti hustahimili kuzama kwa miezi kadhaa, na mingi huzaa matunda wakati wa maji mengi. Samaki nao huingia msituni kula matunda hayo. Tambaki, samaki mwenye meno mapana yenye nguvu, huvunja mbegu ngumu. Lakini baadhi ya mbegu ndogo hupita tumboni mwake zikiwa nzima na kuota mbali na mti uliozizaa. Kazi ambayo katika misitu yetu hufanywa na ndege na nyani, huko hufanywa pia na samaki.

Watu wa mabonde yenye mafuriko hujenga kwa kufuata maji. Warufiji walijua kujenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo mashambani. Wakazi wa Amazon nao hujenga nyumba za nguzo. Lakini mafuriko makubwa kupita kiasi huweza kuzifikia sakafu. Njia ya pili ni kuiachia nyumba ielee.

Kwa nini gogo hubeba nyumba

Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba kitu kilichomo ndani ya maji husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kitu hicho. Kani hiyo huitwa kani elezi. Katika Amazon nyumba nyingi zinazoelea hukaa juu ya magogo manene ya mti uitwao asaku, ambao utomvu wake ni sumu na mbao yake ni nyepesi sana.

Tuchukue gogo lenye urefu wa mita 15 na kipenyo cha mita 1. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 11.8. Ikiwa densiti ya mbao ni kilo 400 kwa mita ya ujazo, gogo lina kilo 4,700 hivi. Likizama lote husukuma kando kilo 11,800 za maji. Tofauti yake, yaani kilo 7,100 hivi, ndiyo shehena ambayo gogo linaweza kuibeba kabla ya kutoweka chini ya maji. Magogo manne yataweza kubeba kilo 28,000, nayo yatosha kwa nyumba ya mbao, vyombo na watu wake.

Lakini mbao hunywa maji. Ikiwa baada ya miaka mingi densiti ya gogo lile itafikia kilo 700, uwezo wake wa kubeba utakuwa kilo 3,500 tu, yaani nusu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo mwenye nyumba inayoelea hana budi kuutazama mstari wa maji kwenye magogo yake kama nahodha anavyoutazama ubavu wa jahazi. Kadhalika mizigo mizito, kama vile betri na matangi, haifai kurundikwa upande mmoja, kwa sababu nyumba itainama. Na kamba zinazoifunga nyumba kwenye miti ya kando hulegezwa na kukazwa kwa kadiri ya maji; kamba fupi wakati wa mafuriko huweza kuvuta upande mmoja ukazama.

Hesabu ya jua na hesabu ya mvua

Nyumba ya Uakari hupata umeme wake kutokana na jua, na maji yake kutokana na mvua. Tuanze na jua. Chumba chenye taa mbili za wati 10, zikiwashwa kwa saa tano, hutumia wati-saa 100. Majumbani nchini Brazili watu wengi huoga maji yaliyopashwa moto kwa bafu la umeme, ambalo laweza kutumia wati 5,500. Kuoga kwa dakika kumi tu kwa bafu hilo ni wati-saa 917, nazo zatosha kuziwasha taa zile kwa siku tisa. Paneli ya wati 100, ikipata saa nne na nusu za jua kali, hutoa wati-saa 450 kwa siku, kabla ya kutoa hasara inayopatikana katika nyaya na betri. Basi ni dhahiri kwamba paneli chache zitawaangazia watu wengi usiku kucha, bali zitawapashia maji watu wachache mno kwa mtindo huo. Mgeni anayekaa huko hujifunza tofauti kati ya kuangaza na kupasha joto, somo ambalo bili ya umeme hutufundisha kwa shida.

Upande wa maji, hesabu ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1. Bati la mita za mraba 100, mahali penye mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, hupokea lita 200,000. Lakini kwa nini kukinga mvua ilhali nyumba imezungukwa na mto? Kwa sababu maji ya mto yana tope na huenda yakawa na viini vya magonjwa. Kuyasafisha kunahitaji kazi na nishati zaidi.

Maji machafu ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Katika nyumba inayoelea hakuna ardhi ya kuchimba shimo la choo. Uchafu ukimwagwa mtoni, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki hukosa hewa. Ndiyo maana uchafu hupaswa kupitishwa kwanza katika matangi na vichujio. Athari yake huwa mbaya zaidi wakati wa kiangazi, mfereji unapokuwa na maji machache.

Samaki anayehesabika

Katika maji yenye oksijeni haba huishi piraruku, mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa maji baridi duniani. Hufikia urefu wa karibu mita 3 na uzito wa kilo 200. Kama kamongo wa Ziwa Victoria, hategemei matamvua peke yake. Kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu kumeza hewa. Tabia hiyo humponya na maji mabovu, lakini ilimwangamiza mbele ya mvuvi mwenye chusa, aliyengoja tu achomoze. Samaki hao walipungua sana, hata mwaka 1996 uvuvi wao ukapigwa marufuku katika Jimbo la Amazonas.

Hapo ndipo wavuvi na wanasayansi waliposhirikiana. Mtafiti Leandro Castello alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kwamba wavuvi wazoefu waweza kuwahesabu piraruku kwa kuwatazama na kuwasikia wanapopumua. Kila mvuvi hupewa eneo lisilozidi hekta 2 na kuhesabu kwa dakika 20. Hesabu zao zilipolinganishwa na hesabu za kitaalamu zilikaribiana mno. Tangu mwaka 1999 jamii za Mamirauá huruhusiwa kuvua sehemu tu ya samaki wazima waliohesabiwa, na piraruku wameongezeka mara kadhaa. Pumzi ile ile iliyomsaliti samaki ndiyo iliyomwokoa.

Mwanzilishi wa hifadhi hiyo alikuwa José Márcio Ayres, Mbrazili aliyefika huko kumchunguza uakari, kima mwenye uso mwekundu na mkia mfupi, ambaye nyumba ya wageni imepewa jina lake. Mwaka 1990 serikali ya jimbo ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya aina isiyoruhusu makazi. Lakini watu walikuwa wakiishi humo. Wafukuzwe? Ayres na wenzake walishikilia kwamba wenyeji ndio walinzi wa msitu, na mwaka 1996 sheria ilibadilishwa ili wakae na kuutumia kwa kiasi. Hifadhi ina hekta 1,124,000, yaani ni ndogo kuliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nyumba ya wageni ni sehemu ya mpango huo: wenyeji hufanya kazi humo na jamii zao hufaidi mapato.

Maji yanapokosekana

Nyumba inayoelea imeshinda mafuriko. Je, ukame? Mwezi Oktoba 2023 maji ya Rio Negro katika mji wa Manaus yalishuka hadi mita 12.70, kiwango cha chini kuliko vyote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1902. Mwaka uliofuata yalishuka zaidi, hadi mita 12.11. Mashua zilikwama na vijiji vingi vikatengwa. Katika Ziwa Tefé, mwaka 2023, joto la maji lilipita nyuzi 39 za Selsiasi, na zaidi ya pomboo 150 wa mtoni walikufa. Pomboo hupumua hewa, kwa hiyo kupungua kwa oksijeni majini hakukuwa lazima kuwaue. Lakini mnyama mwenye damu moto akizungukwa na maji yenye joto kuliko mwili wake hana pa kulitolea joto lake.

Nyumba ya magogo nayo, ikikalia tope upande mmoja, huinama na viungo vyake kupasuka. Ilibuniwa kwa mto unaokwenda na kurudi. Mto usiporudi kwa kiasi chake, ufundi wote huo wahitaji kufikiriwa upya.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Pima uzito na ujazo wa kipande cha mbao kavu, kisha kiloweke kwa wiki mbili na upime tena. Densiti imebadilika kiasi gani?

2. Pima eneo la paa la shule yenu na ukadirie lita za mvua ambazo lingeweza kukinga kwa mwaka. Je, zatosha mahitaji ya wanafunzi wa bweni?

3. Lita moja ya maji yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 8.3 za oksijeni katika nyuzi 25, na miligramu 6.4 katika nyuzi 40. Eleza kwa nini kamongo angestahimili mabadiliko hayo kuliko sato.