Ulidanganywa, ulidanganyika au ulipumbazwa? Funzo kutoka kwa wahalifu wa vibonzo

JUZI niliingia kwa dada yangu nikakuta kikao. Jirani yake, mama anayeuza mitumba, alikuwa ametapeliwa asubuhi hiyo karibu na kituo cha matatu. Vijana wawili nadhifu walimwamkua kwa heshima, wakamwomba awashikie bahasha iliyofura noti huku wakimtafuta aliyeiangusha. Ili wamwamini kwamba hatatoroka nayo, naye akawaachia simu na pesa za stoki. Vijana wakaenda. Alipochoka kusubiri akafungua bahasha, akakuta magazeti yaliyokatwa saizi ya noti.

“Wewe ulidanganyika tu,” akasema mmoja wa waliokuwapo. “Tamaa hiyo.”

“Sikudanganyika!” akajibu mama yule kwa uchungu. “Nilipumbazwa. Sijui walinipuliza nini. Mkono ulitoa simu wenyewe.”

“Basi tuseme alidanganywa, yaishe,” dada yangu akajaribu kusuluhisha.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye hapitwi na kitabu cha vibonzo, akainua kichwa: “Anko, si hiyo ni kama Ringmaster?”

Nilicheka. Lakini njiani nikirudi nyumbani niligundua kwamba watu watatu walikuwa wametumia vitenzi vitatu kuelezea tukio lile lile, na kila kitenzi kilikuwa hukumu. Nacho kijitabu cha kijana kilikuwa na ufunguo wa kuvitenganisha. Ndiyo maana leo nakuomba, msomaji mpenzi, tuketi na wahalifu wa vibonzo vya Marekani, hasa wale wasioiba kwa bunduki bali kwa viinimacho na kwa kuteka akili za watu.

Tuanze na Mysterio. Mhusika huyu mkinzani alijitokeza mwaka 1964 katika toleo la 13 la The Amazing Spider-Man, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Jina lake halisi ni Quentin Beck. Hana nguvu zozote za ajabu. Ni fundi wa filamu: anajua kutengeneza moshi, mianga na mandhari bandia, na anajua kuruka na kuanguka kama waigizaji wa matukio ya hatari. Anavaa mavazi ya Spider-Man, anafanya wizi, kisha anajitokeza kwa umma akiwa na kofia ya mviringo mithili ya tufe la kioo na kujitangaza kuwa ndiye mkombozi atakayemkomesha mwizi huyo. Hata mhariri wa gazeti anaingia mtegoni, jambo ambalo sisi waandishi tunapaswa kulisoma kwa unyenyekevu. Katika filamu ya Spider-Man: Far From Home ya mwaka 2019, moshi wa zamani ulibadilishwa na droni zinazorusha picha hewani, lakini ufundi ni ule ule.

Zingatia kwamba Mysterio haigusi akili ya mtu. Anachezea kile kilicho mbele ya macho. Akili ya anayemtazama inafanya kazi sawasawa kabisa, ila inafanya kazi juu ya ushahidi wa uongo. Kiswahili kinaiita hila ya namna hii kiinimacho au mazingaombwe. Anayefanyiwa hivyo amedanganywa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina nafasi ya mtenda: amedanganywa na nani? Na Mysterio. Naye hushindwa kwa njia inayostahili mdanganyifu. Spider-Man anamwacha ajigambe, kumbe anarekodi kila neno kwenye kinasasauti. Dawa ya uongo ni ushahidi.

Sasa tumrudie Ringmaster wa mpwa wangu. Yeye ni mkuu wa sarakasi inayozunguka mijini, na alijitokeza mwaka 1962 katika toleo la tatu la The Incredible Hulk, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Watazamaji wanalipa kiingilio, wanaketi, wanaikodolea macho kofia yake yenye duara linalozunguka, na wote wanaduwaa. Genge lake linapita kati ya viti likikusanya pochi na vito. Hapa hakuna aliyeonyeshwa kitu cha uongo akakiamini. Utashi wenyewe ndio uliozimwa. Kiswahili kina msururu mzima wa vitenzi kwa hali hii: kupumbaa, kuduwaa, kuzubaa. Vyote vinaeleza hali ya anayeathirika tu, wala havimtaji aliyeisababisha. Mtu anaweza kuduwaa kwa kuona bahari mara ya kwanza. Ili mhalifu aingie katika sentensi, sharti kitenzi kinyambuliwe katika kauli ya kutendesha: pumbaa huzaa pumbaza, duwaa huzaa duwaza, zubaa huzaa zubaisha. Ukiongeza utendwa juu yake, unapata pumbazwa, yaani kutendeshwa: mtu amefanywa awe katika hali ambayo hakuichagua.

Kuna kisa kimoja cha Ringmaster kinachonifurahisha. Katika toleo la 16 la The Amazing Spider-Man, mwaka 1964, hata Spider-Man mwenyewe anapumbazwa ukumbini. Anayebaki na akili zake ni Daredevil, kwa sababu ni kipofu. Kofia haina la kumfanya. Asiyeona ndiye aliyeona.

Lakini mwaka huo huo wa 1964 jarida la Daredevil lilimleta mhalifu wa kuogofya zaidi, asiyehitaji kofia wala moshi. Katika toleo la nne, Purple Man, ambaye jina lake ni Killgrave, anaingia benki na kumwambia karani ampe pesa. Karani anampa. Basi. Kemikali iliyombadilisha rangi ya ngozi imemfanya kila aliye karibu naye atii anachosema. Silaha yake ni lugha, tena sehemu fupi kabisa ya lugha: kitenzi katika hali ya kuamrisha. Toa. Simama. Lala. Mzizi na irabu tishali, na mtu mzima anageuka chombo.

Miaka mingi baadaye, katika jarida la Alias lililoanza mwaka 2001, mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Michael Gaydos walimwuliza Killgrave swali ambalo vibonzo vya kale havikuuliza: je, waliotii wanaishije baadaye? Mhusika wao Jessica Jones aliwahi kuwa chini ya amri ya mtu huyo kwa muda wa miezi. Mhalifu amefungwa, lakini mwanamke huyu bado anabeba aibu ya mambo ambayo hakuyataka. Hadithi hiyo ilifika kwenye televisheni mwaka 2015. Swali linalomtesa ndilo lililokuwa sebuleni kwa dada yangu: nilifanya, au nilifanyizwa?

Hapa ndipo kitenzi cha tatu, danganyika, kinapoonyesha meno yake. Kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka kina kazi mbili. Kwanza, kinaeleza hali iliyotokea bila kumtaja mtenda: kikombe kimevunjika. Pili, kinaeleza uwezekano: mlango huu unafungika. Ukisema “ulidanganyika”, maana zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Mtenda anafutwa kwenye sentensi, na aliyetendwa anabaki peke yake akiwa na sifa mpya: yeye ni mtu anayedanganyika. Matapeli wawili wametoweka mara mbili, kwanza kituoni, kisha katika sarufi. Si ajabu mama yule aliruka kama aliyeumwa na siafu.

Je, lakini, alikuwa sahihi kusema alipumbazwa? Turudi nyuma kidogo, kwa maana vibonzo havikuizua fikra hii. Katika karne ya 18 daktari Franz Anton Mesmer aliwavuta watu wa Paris kwa madai ya nguvu ya sumaku iliyomo mwilini mwa viumbe. Wagonjwa walitetemeka na kuzirai. Mwaka 1784 Mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya wanasayansi, akiwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier. Tume iliwafunga watu vitambaa machoni. Walioamini kwamba wanapitishiwa nguvu hiyo walitetemeka hata pale ambapo hapakufanywa lolote. Waliofanyiwa bila kujua hawakuhisi kitu. Tume ikaamua kwamba kilichotenda ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe.

Katika miaka ya 1840, James Braid, tabibu Mskoti aliyefanya kazi Manchester, alilichunguza jambo hilo upya na kulipa jina lililotokana na neno la Kigiriki la usingizi. Ndiyo asili ya hipnosisi. Baadaye Braid mwenyewe alijutia jina hilo na kujaribu kulibadilisha, kwa sababu alibaini kwamba haukuwa usingizi hasa bali umakini uliokusanywa kwenye wazo moja. Alikuwa amechelewa. Neno lilikwisha kushika, na picha ya mtu aliyelala huku akitii amri ikaingia katika riwaya, filamu na vibonzo. Wataalamu wanaoitumia hipnosisi leo katika tiba, kwa mfano kupunguza maumivu, husisitiza kwamba hailali wala haimgeuzi mtu kuwa mtumwa. Anayehipnotishwa anashirikiana na anayemwongoza.

Hata hivyo, mahakama zimewahi kukabiliwa na swali hili. Mwaka 1951, mjini Copenhagen, mwanamume mmoja aliwaua wafanyakazi wawili wa benki katika jaribio la wizi. Ilidaiwa kwamba aliongozwa kwa hipnosisi na mtu aliyewahi kufungwa naye jela. Aliyefyatua risasi alipelekwa katika taasisi ya wagonjwa wa akili; yule mwenzake, ambaye hakukanyaga benki hiyo, alihukumiwa kifungo cha maisha. Wataalamu wameendelea kubishana kama ni hipnosisi iliyotenda au ni miaka ya ushawishi wa mtu mmoja juu ya mwingine.

Ushawishi. Hilo ndilo neno tulilolikosa sebuleni. Wale vijana wa kituoni hawakuvaa kofia inayozunguka. Wala hawakutumia amri. Ukiwauliza waliowahi kutapeliwa, hutasikia “Toa!” Utasikia “Shikamoo mama,” “Hebu nishikie kidogo,” “Tafadhali tusaidie, wewe unaonekana mtu mwaminifu.” Huyo si Killgrave. Yeye huamrisha; hawa huomba. Wanatumia hali ya adabu, ile yenye -e mwishoni, ambayo sisi sote tulilelewa kuitikia. Huishika imani ya mtu kwa heshima, humharakisha asipate nafasi ya kufikiri, kisha humwonyesha bahasha. Adabu ni ya kumzubaisha. Bahasha ni kiinimacho. Ni Ringmaster na Mysterio katika shati moja safi.

Kwa hiyo sikubaliani kikamilifu na yeyote katika kikao kile. Aliyesema “ulidanganyika” alimfutia mwizi kosa. Mama aliyesema alipulizwa kitu alikuwa akijitetea dhidi ya aibu, na namwelewa, ila naye bila kujua aliwafutia matapeli kazi yao halisi. Akienda kituo cha polisi na kusema tu kwamba alirogwa, kitakachoandikwa ni kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 313, inamtambua anayejipatia mali kwa maelezo ya uongo, na adhabu yake yaweza kufika miaka mitatu gerezani. Sheria hiyo inataka kujua uongo wenyewe: nani alisema nini, akaonyesha nini, akachukua nini. Inataka kauli ya kutendwa yenye mtenda wake.

Sisemi kwamba dawa za kulevya hazipo. Wanaotiliwa “mchele” katika vinywaji kwenye vilabu vya pombe ni wengi, na huo ni uhalifu mwingine, mzito zaidi, unaohitaji hospitali na vipimo upesi. Ndiyo sababu zaidi ya kutenganisha maneno. Tukiita kila utapeli “kupulizwa”, aliyetiliwa dawa kwelikweli hatasadikiwa, na aliyeghilibiwa kwa maneno hatajifunza maneno hayo yalikuwa yapi.

Jioni hiyo nilimpigia dada yangu simu, nikamwomba amsindikize jirani yake kituoni, na kabla ya kwenda wakae chini waandike kila neno walilomwambia wale vijana na wao walivyomjibu, kuanzia shikamoo. Akaniuliza kama sentensi ya kwanza iseme alidanganyika au alipumbazwa.

“Andikeni ‘nilidanganywa na vijana wawili’,” nikamwambia. “Hiyo ‘na’ msiisahau.”