Bei ya Nyundo na Bei ya Mlangoni

Machi 2011 nyumba ya mnada ya Bonhams ya London iliuza picha ya rangi ya mafuta iitwayo "Arab Priest" kwa pauni milioni 3.04. Aliyeichora ni Irma Stern wa Afrika Kusini, mama aliyekwenda Unguja mara mbili, mwaka 1939 na 1945, akachora mashekhe, akina mama wa Kihindi na wauza matunda, kisha picha zake nyingi akazitia kwenye fremu zilizotengenezwa kwa mbao za milango ya Kizanzibari iliyochongwa. Hadi leo katalogi ya mnada haikosi kuitaja fremu hiyo pale picha inapokuwa nayo. Anayepita kwenye nyumba kuukuu za Pangani, mkoani Tanga, ambako miimo ya aina hiyohiyo inaliwa na mchwa na mvua, ana haki ya kujiuliza thamani hutoka wapi.

Kuna swali la karibu zaidi kwa mwenye shilingi laki saba au milioni tatu mfukoni anayetaka kuweka ukutani kitu kilichotoka mkononi mwa mchoraji: katuni ya siasa, tingatinga, au mchoro wa mtu aliyewahi kutajwa magazetini. Mwenye hoteli ya Ushongo, pwani ya Pangani, anaulizwa na wageni "hii nani kachora?" Mwalimu mstaafu anataka kumbukumbu ya enzi za Chakubanga, katuni ya gazeti la Uhuru. Wote wawili wana njia zilezile: mnada wa ng'ambo, mnada wa Nairobi, au mchoraji mwenyewe. Bei zinazotangazwa kwenye njia hizo hazilingani hata kidogo na pesa inayotoka mfukoni.

Watu wa pwani tunaujua mnada. Samaki anashushwa, dalali anapandisha sauti, mwenye dau la juu anachukua, na dalali anakata chake kwa mvuvi. Mnada wa sanaa wa London unakata pande zote mbili. Muuzaji anakatwa kamisheni, na mnunuzi anaongezewa yake juu ya bei iliyogongewa nyundo. Sotheby's, kwa mfano, Februari 2025 ilipanga kiwango cha mnunuzi kuwa asilimia 27 hadi dola milioni mbili. Mwenye dau dogo ndiye anayebeba asilimia kubwa. Tajiri akivuka milioni mbili, kiwango kinashuka.

Tufanye hesabu. Tuseme umeshinda mchoro wa wino kwa nyundo ya pauni 1,000. Kamisheni ya asilimia 27 inakufikisha 1,270. Kufungasha, kusafirisha kwa ndege na bima tuziwekee pauni 200, maana karatasi yenye kioo haitumwi kama mzigo wa mitumba. Sasa ni 1,470. Mzigo unapoingia nchini, forodha huangalia thamani pamoja na nauli na bima. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, kwa hiyo mwulize wakala wa forodha mchoro wako unaangukia ngazi ipi kabla hujatoa dau. Mimi hapa nachukua 25 ili nisikufurahishe bure. Tunapata 1,837. Juu yake VAT ya asilimia 18, na jumla inakaribia pauni 2,168, kabla ya tozo ndogondogo na ujira wa wakala. Kwa kubadilisha pauni moja kwa shilingi 3,400, ulidhani unanunua kitu cha milioni 3.4, na kimefika kwa zaidi ya milioni 7.3. Nauli ya kutoka Dar hadi Pangani sijaihesabu.

Makadirio yaliyoandikwa kwenye katalogi nayo si ahadi. Novemba 2019, huko New York, picha ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi anayechora juu ya magome ya mti kutoka Uganda, ilikadiriwa dola 50,000 hadi 70,000 ikaishia dola milioni 1.52. Habari za namna hiyo ndizo zinazowatia watu wazimu. Wanasahau kwamba picha nyingine hushindwa kufikia bei ya chini ambayo muuzaji ameiweka kwa siri, zikarudi nyumbani bila kelele.

Nairobi iko karibu zaidi, kijiografia na kwa hesabu. Circle Art Agency iliendesha mnada wake wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki Novemba 2013, na tangu hapo mtu wa huku amepata mahali pa kuona hadharani kazi za wachoraji kina Jak Katarikawe na Ancent Soi zinanunuliwa kwa kiasi gani. Kamisheni ya mnunuzi ipo huko pia. Isome kwenye masharti kabla hujainua kibao. Faida kubwa ni kwamba kazi iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa na cheti cha uasili, haipaswi kutozwa ushuru wa forodha ikivuka mpaka wa Horohoro, ingawa VAT inabaki. Kutoka mpakani hadi Tanga mjini ni safari ya mchana mmoja, na picha unaishika mwenyewe kwenye gari. Hata asiyenunua chochote afuatilie matokeo ya mnada huo, kwa kuwa anayejua bei ya hadharani hadanganywi kirahisi dukani.

Kwa upande wa katuni, mnunuzi anapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu vitu vitatu tofauti vyote vinauzwa kwa jina hilohilo.

Cha kwanza ni karatasi yenyewe aliyoigusa mchoraji. Utaona wino uliolowa, mistari ya penseli iliyofutwa nusu, rangi nyeupe iliyofunika kosa, pengine maelekezo ya mhariri pembeni kuhusu ukubwa. Hicho kiko kimoja duniani. Cha pili ni nakala iliyochapwa, ikatiwa saini na namba, mathalani 12 kati ya 50. Ni halali na ina heshima yake, lakini bei yake iwe sehemu ndogo ya bei ya kwanza. Cha tatu ni ukurasa wa gazeti au jarida la zamani. Wauzaji wa Ulaya hukata kurasa za Punch, jarida la Uingereza, na kuziuza zikiwa kwenye fremu za kuvutia. Ile katuni ya Desemba 1892 ya Linley Sambourne, inayomwonyesha Cecil Rhodes amesimama mguu mmoja Kairo na mwingine Cape, ilichapwa kwa maelfu ya nakala, kwa hiyo kuulipia ukurasa wake bei ya mchoro wa mkono ni kuibiwa mchana.

Kwa katuni za kwetu, mambo ni magumu na pia ni mazuri. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru miaka ya 1960. Baadaye likaja jarida la Sani, lililopata jina kutokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na vijana wakakua na Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono mikubwa ya kizazi hicho, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Enzi hizo katuni ilikuwa malighafi ya kiwandani: inachorwa, inapigwa picha, inachapwa, karatasi inabaki kwenye droo ya mhariri au inaishia jalalani. Kwa hiyo mtu akikuletea "orijino ya Chakubanga", kwanza mwulize aliipata kwa nani, na jibu alitoe kwa maandishi. Nakala kuukuu za Sani kwa wauza vitabu vya mitumba ni ununuzi mzuri wa bei ndogo, almradi unajua kwamba umenunua jarida.

Kwa walio hai, nenda kwao. Godfrey Mwampembwa, Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na akawa mchora katuni wa Nation ya Nairobi tangu 1992 hadi 2016. Masoud Kipanya na panya wake wamekuwa wakitusema kwa miaka mingi. Nathan Mpangala na Kijasti wake wana wasomaji wao. Bei ya mchoro wa watu kama hao huikuti imebandikwa ubaoni, inabidi uulize, na swali la kwanza liwe: katuni hii ilichorwa kwa mkono au kwenye tableti? Wengi sasa wanachora kwenye kioo moja kwa moja, na hapo karatasi ya asili haipo kabisa. Utakachopata ni chapa yenye saini, na idadi ya chapa zitakazotolewa iandikwe kwenye risiti.

Risiti hiyohiyo isikupe wazo kwamba umenunua na haki ya kuichapisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hakimiliki inabaki kwa mchoraji mpaka mkataba useme vinginevyo. Mwenye hoteli atakayeiweka katuni hiyo kwenye fulana za wageni au kwenye menyu amejitafutia barua kutoka COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Tingatinga ina kisa chake, na kinagusa mkoa huu wa Tanga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alikuja Tanga miaka ya 1950 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alianza kuchora karibu 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya ubao mgumu wa mraba, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi, kwa makosa. Miaka minne tu. Kwa hiyo kazi zilizotoka mkononi mwake ni chache, zinatafutwa Ulaya na Japani, na zinaghushiwa. Ubao wenye jina "Tingatinga" kwenye kona hauthibitishi chochote, maana jina hilo limekuwa la mtindo mzima. Kama bei ni ya Edward, basi kuwe na karatasi za Edward: nani alinunua, Morogoro Stores au wapi, mwaka gani, ilipita kwa nani. Zisipokuwepo, lipa bei ya tingatinga ya kawaida, makumi ya maelfu kwa ndogo na laki kadhaa kwa kubwa, uchukue kwa mchoraji wa ushirika pale Oysterbay anayekuandikia jina lake nyuma ya picha. Kwa kweli hiyo ndiyo ningeiweka kwenye hoteli ya Ushongo, kwa sababu nyingine isiyo ya bei: rangi ya mafuta ya kung'aa inavumilia upepo wa chumvi.

Karatasi haivumilii. Masika ikiingia, unyevu unapenya nyuma ya fremu, madoa ya kahawia yanatokea na wadudu wanafuata gundi. Mchora katuni anayekuuzia kwa laki tano amekutajia nusu tu ya gharama. Fundi fremu atumie karatasi isiyo na asidi nyuma na pembeni, kioo kisigusane na wino, na fremu itundikwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mwanga wa jua. Kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya mchoro mdogo.

Kuhusu mbao zilizochongwa, yapo majaribu ya kufanya alivyofanya Irma Stern. Huku Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya 1940. Ukiuziwa kipande cha mwimo wa kale ukitie kwenye picha, au mgeni akitaka kuondoka nacho, kibali kitafutwe Idara ya Mambo ya Kale kabla ya pesa kubadilishana mikono. Fundi seremala wa Pangani anaweza kukuchongea fremu mpya kwa nakshi ileile, na hiyo haihitaji kibali cha mtu.