Manukato Hupimwa, Hayamiminwi

Mwaka huu nimeonelea nami nitoe mchango wangu katika jarida hili la chama chetu, na mada niliyoichagua ni jinsi ya kutia manukato katika sabuni, mishumaa na mafuta ya kujipaka yanayotengenezwa nyumbani. Huenda ukacheka ukasema, "Aa, hiyo nayo ni kazi? Si unamimina tu?" Hivyo ndivyo nilivyodhani mie pia, na yaliyonipata nitakueleza sasa hivi.

Sisi watu wa Pwani manukato si jambo geni kwetu. Harusi haiwi harusi bila udi kufuka kwenye chetezo na marashi kunyunyizwa kwa mrashi. Akina mama hutunga vikuba vya asumini, mrehani na mkilua. Ukipita Marikiti hapa Mombasa, pua yako hukwambia umefika kabla ya macho, maana karafuu, iliki na mdalasini hazijifichi. Labda ni kwa sababu ya mazoea haya ndiyo tunadhani kila kinukiacho vizuri hakina madhara. Ukweli ni kwamba sivyo.

Mamangu hutengeneza sabuni nyumbani akawauzia majirani, na sehemu ya karo yangu hutoka humo. Likizo ya Disemba nikiwa Kidato cha Pili, mama mmoja mtaani kwetu aliagiza vipande 60 vya sabuni ya karafuu vya kugawia wageni harusini. Alitoa arubuni kabisa. Siku ya kutengeneza, mamangu alikoroga kilo 4 za mafuta akaniambia, "Mwanangu, nipimie gramu 20 za mafuta ya karafuu utie, mie naenda kufungua mlango." Mie kwa ujuaji wangu nikaona gramu 20 ni uchoyo. Nikamimina chupa nzima ya mililita 100! Kabla sijahesabu hadi 60, sabuni iliganda ndani ya ndoo kama simiti, mwiko umesimama wima. Haikumiminika kwenye kalibu hata kidogo.

Kama ingekuwa ni chapati, tungekanda nyingine. Lakini sabuni ya aina hii hukaa wiki 4 hadi 6 ndipo ikomae, na harusi ilikuwa imebaki mwezi mmoja na siku mbili, na mafuta ya kuanzia upya hatukuwa nayo. Mamangu alirudisha arubuni. Hakunipiga wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Wiki iliyofuata nikachukua mafuta ya nazi mililita 100, nikatia mililita 5 za mafuta ya karafuu, nikampaka mdogo wangu shingoni ili "anukie". Kumbe nilikuwa nimemwekea moto! Shingo iliwasha, ikawa nyekundu, akalia usiku kucha. Alipona baada ya siku chache, lakini tangu hapo nikaapa nitajifunza jambo hili nilijue. Mwalimu wetu wa Kemia alinisaidia sana. Haya basi, nami nakupa niliyoyapata.

Kwanza, manukato ni nini?

Manukato ya kutilia vitu hivi ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mafuta yanayotokana na mmea wenyewe. Aghalabu mvuke wa maji hupitishwa kwenye majani, maua au magome, ukabeba harufu, kisha ukapozwa na mafuta yakajitenga na maji. Mchaichai, mkaratusi na karafuu hukamuliwa hivyo. Kule Pemba hata makonyo ya karafuu hayatupwi, bali hupelekwa kiwandani yakatolewa mafuta. Namna ya pili ni manukato yanayochanganywa viwandani kwa kemikali mbalimbali, kama yale yanukayo waridi, vanila au "upepo wa bahari".

Watu wengi hudhani ya mmea ni salama na ya kiwandani ni sumu. La hasha! Mafuta ya karafuu yametoka mtini, lakini sehemu kubwa yake ni kemikali iitwayo yujenoli, nayo ndiyo iliyomchoma mdogo wangu. Hiyo hiyo ndiyo iliyoharakisha sabuni ikaganda. Tone moja la mafuta haya ni kali kuliko unga wa karafuu tunaotia kwenye pilau, kwa sababu nguvu ya karafuu nyingi imekusanywa mahali pamoja. Kwa hivyo usiulize tu yametoka wapi. Uliza ni kiasi gani, na yanakwenda wapi.

Pili, vyombo vitatu, tabia tatu

Hapa ndipo penye siri yote. Sabuni, mshumaa na ngozi havipokei manukato kwa namna moja. Sabuni hupakwa ikaoshwa mara moja. Mshumaa haugusi ngozi, bali hugusa moto. Mafuta ya kujipaka hukaa mwilini siku nzima. Ndiyo maana kiwango kinachofaa mshumaa kinaweza kukuunguza ukikipaka shingoni.

Hesabu yake ni rahisi kuliko zile za Kidato cha Kwanza. Chukua uzito wa mafuta au nta, zidisha kwa asilimia unayotaka, gawanya kwa 100. Kwa mfano:

Mshumaa: nta gramu 500, manukato asilimia 6. 500 × 6 ÷ 100 = gramu 30.

Sabuni: mafuta gramu 1000, manukato asilimia 3. 1000 × 3 ÷ 100 = gramu 30.

Mafuta ya mwili: mililita 100, manukato asilimia 1. 100 × 1 ÷ 100 = mililita 1, yaani kama matone 20 hivi.

Hivyo ni viwango vya manukato ya kawaida. Yaliyo makali yana mipaka yake. Karafuu, kwa mfano, wataalamu hushauri isizidi nusu asilimia katika kitu cha kupaka mwilini. Yaani katika mililita 100 za mafuta ya nazi, ni matone 10 tu. Mie nilitia mililita 5, karibu mara kumi ya kipimo! Kuna Shirika la Kimataifa la Manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hutoa viwango vya manukato kwa kila aina ya bidhaa. Ukinunua chupa ya manukato, muulize muuzaji kiwango chake kwa sabuni, kwa mshumaa na kwa ngozi. Akikwambia, "Tia tu hadi inukie," rudisha pesa zako mfukoni.

Tatu, katika sabuni

Sabuni hutokana na mafuta na kostiki. Kostiki si mchezo, huchoma ngozi na kupofusha macho, basi vaa glavu na miwani ya kujikinga, na watoto wakae mbali. Siku zote tia kostiki ndani ya maji, usitie maji juu ya kostiki, maana huchemka ikaruka. Usitumie sufuria zetu za kawaida za aluminiamu, kwani kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki nzito. Kipimo cha kostiki chenyewe hutegemea aina ya mafuta, kwa hivyo fanya pamoja na mtu mzima anayeijua kazi.

Manukato hutiwa mwishoni, mchanganyiko ukiwa umeanza kuwa mzito kama uji mwepesi. Koroga polepole kwa mwiko, kisha mimina upesi kwenye kalibu. Yapo manukato, kama karafuu, ambayo huharakisha kuganda. Yapo pia yenye vanila, ambayo hugeuza sabuni nyeupe ikawa ya rangi ya kahawia. Harufu ya ndimu na machungwa nayo hupotea mapema. Kwa sababu hizo, jaribu kwanza na mafuta kidogo kabla hujatia katika ndoo nzima. Laiti ningalijua!

Nne, katika mshumaa

Hapa adui ni moto. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya jiko. Weka nta ndani ya chombo, na chombo hicho ukiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikishayeyuka, itoe motoni, ndipo utie manukato, ukoroge kwa dakika moja au mbili na kumimina. Ukiyatia nta ikiwa ingali jikoni, harufu hupaa na mvuke unaweza kushika moto. Nta ikiwaka, usimwagie maji kamwe, maana moto utaruka. Zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko.

Wengine hutaka kutia pafyumu ya kujipulizia ndani ya nta. Usithubutu! Pafyumu ile ina spiriti nyingi, haichanganyiki na nta, na spiriti hushika moto haraka. Marashi ya waridi nayo ni maji, na maji na nta havipatani, utambi utalia "chachacha" na kuzima.

Je, ukizidisha manukato yanayofaa? Mshumaa hautanukia maradufu. Nta haiwezi kuyashika yote, basi yatatoka jasho juu ya mshumaa, utambi utaziba, moshi mweusi utajaa, na pengine moto utakuwa mkubwa kuliko ulivyotaka. Stima zikipotea na ukauwasha huo mshumaa karibu na pazia, wacha nisiseme.

Tano, katika mafuta ya kujipaka

Usipake mafuta makali ya manukato juu ya ngozi yakiwa matupu. Yachanganye kwanza na mafuta ya kula au ya nazi. Usiyazimue kwa maji, kwa sababu mafuta huelea na utajipaka makali yote mahali pamoja. Kisha fanya jaribio: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje saa 24 hadi 48. Ukiona wekundu, mwasho au malengelenge, hayo si yako. Ikitokea kwamba umejipaka yanayochoma, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, halafu osha kwa sabuni na maji. Ukiona hali inazidi, nenda zahanati. Watoto wachanga, kina mama waja wazito na wenye pumu wasijaribiwe kabisa.

Jihadhari pia na ndimu na limau. Maji ya ndimu, na mafuta yaliyokamuliwa kutoka maganda yake, yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha madoa meusi. Na jua letu la Pwani unalijua lilivyo. Vilevile weka chupa za manukato mahali penye baridi na giza, zikiwa zimefungwa vizuri. Mengi yakishakaa sana na kuingia hewa huharibika, na ndipo yanapowasha ngozi zaidi.

Kwa nini nimeandika haya?

Najua wenzangu kadhaa wanaotengeneza vitu hivi nyumbani, na wengine huwauzia wanafunzi papa hapa shuleni. Si vibaya, kazi ni kazi. Lakini anayenunua sabuni yako hana njia ya kuona ulichotia. Ananusa tu, halafu anakuamini. Kwa hivyo andika kwenye karatasi ya kila chupa au kipande umetia nini, na tarehe. Na ukitaka kuuza madukani, bidhaa yako inahitaji alama ya ubora ya KEBS.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa nyumbani kwetu tuna mizani ndogo na daftari. Kila kipimo huandikwa, na mie ndiye karani. Mwezi wa Agosti yule mama wa harusi alirudi. Binti yake wa pili anaolewa. Safari hii aliagiza vipande 80, ila alicheka akamwambia mamangu, "Lakini huyo kijana wako asikaribie ndoo!" Mamangu akamjibu, "Huyo ndiye atakayepima."

Gramu 20 zilikuwa 20, hata tone halikuzidi. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili