Je, Wajua Paja Lako Hutoa Umeme?

Kila unapochuchumaa na kuinuka, amri kutoka kwenye ubongo hupita juu ya nyuzi za misuli ya paja kama umeme. Ni umeme mdogo mno: juu ya ngozi hupimwa kwa milivolti chache, ilhali betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Katika karne ya 19, Emil du Bois-Reymond wa Berlin alipotaka kuunasa umeme wa misuli ya binadamu, ngozi ilimzuia. Akajisababishia malengelenge mikononi kwa makusudi, akaondoa ngozi yake, ndipo sindano ya kipimo chake ikacheza vizuri alipokaza msuli.

Siku hizi hakuna haja ya kujiumiza. Mpimaji hunyoa vinywele, husugua ngozi kwa spiriti, kisha hubandika elektrodi mbili zilizoachana milimita 20. Mahali hapakisiwi: kwa msuli wa katikati, mbele ya paja, hupimwa kutoka ncha ya mfupa wa nyonga hadi juu ya pia ya goti, elektrodi zikakaa nusu ya njia.

Ugumu huja katika kulinganisha wanaume na wanawake. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hufifisha umeme kabla haujafika kwenye elektrodi, na kwa wastani wanawake wana mafuta mengi zaidi mapajani. Mawimbi makubwa ya mwanamume kwenye skrini hayathibitishi kwamba misuli yake imefanya kazi zaidi. Ndiyo maana kila mtu hupimwa kwa kiwango chake mwenyewe. Huketi kitini, mguu umefungwa mkanda usiosogea, akausukuma kwa nguvu zake zote kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo asilimia 100 yake, na zoezi lolote litakalofuata husomwa kwa kipimo hicho.

Hapo swali la nani ana nguvu zaidi hukosa uzito. Kwangu mimi, lililo kubwa ni hili: misuli ya mbele na ya nyuma ya paja inasaidianaje? Goti linapokaribia kunyooka, ya mbele huuvuta mfupa wa muundi mbele, ya nyuma huurudisha, na ligamenti iliyo ndani ya goti huuzuia usichomoke. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wanawake, wanapotua baada ya kuruka au kugeuka ghafla, huitegemea zaidi misuli ya mbele kuliko wanaume. Na katika soka na kikapu, ligamenti hiyo hukatika kwa wanawake takriban mara 2 hadi 3 zaidi. Umbile na homoni navyo vinachunguzwa, lakini misuli ndiyo inayofundishika.

Huko Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wasichana 1,892 wanaocheza soka, wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Katika timu zilizopasha misuli moto kwa mazoezi maalumu ya dakika 20, majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu. Moja ya mazoezi hayo ni la misuli ya nyuma ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unashuka mbele polepole huku ukijizuia. Halihitaji mashine yoyote, na kocha wa wasichana anaweza kulianza kesho uwanjani.