Kenya: Hadhira, mwelekezi na maleba, lugha ya jukwaa kwa anayeanza kuigiza

Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walipanda jukwaani mjini Nakuru, katika tamasha la kitaifa la maigizo nchini Kenya, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza mchezo wao, Echoes of War. Mzozo wenyewe ulikuwa wa kisiasa, lakini malalamiko yao yalitamkwa kwa msamiati wa jukwaa: mwelekezi alikuwa amezuiwa kuwafikia, na hadhira haikuwapo.

Kwa asiye na mazoea ya maigizo, sababu hizo huenda zikaonekana ndogo. Mchezo si umekwisha kuandikwa, na waigizaji si wapo? Mwanafunzi wa maigizo hujifunza mapema kwamba sivyo.

Hadhira ni neno la mzizi mmoja na kuhudhuria. Ni watu waliofika, wakaketi, wakawa tayari kucheka au kuguna. Riwaya yaweza kusomwa na mtu mmoja chumbani. Mchezo wa kuigiza usio na watazamaji hubaki kuwa mazoezi.

Mwelekezi, ambaye Tanzania huitwa zaidi mwongozaji, si lazima awe mtunzi. Mtunzi huandika maneno ya wahusika pamoja na maelekezo ya jukwaani, yaani yale maandishi ya mlazo au ya mabano yanayoeleza nani anaingia, anashika nini na anaondoka vipi. Mwelekezi ndiye anayechagua waigizaji na kuamua kila mmoja asimame wapi, taa ififie lini, kimya kidumu kwa muda gani. Kwa waigizaji wachanga, kumkosa siku ya onyesho ni kumkosa mtu pekee aliyeutazama mchezo mzima kutoka upande wa watazamaji.

Maneno mengine huwatatiza wanafunzi kwa sababu yana sura mbili. Mandhari, katika somo la fasihi, ni mahali na wakati wa tukio. Jukwaani ni pia mbao, vitambaa na samani zinazopajenga mahali hapo. Onyesho ni sehemu ndogo ndani ya tendo, lakini pia ni mchezo mzima unapotazamwa na watu. Anayeambiwa ajiandae kwa onyesho la pili ana haki ya kuuliza kama ni sehemu ya pili ya mchezo au ni jioni ya pili. Hata tamthilia yenyewe, ambayo katika vitabu vya shule ni mchezo ulioandikwa, kwa Watanzania wengi leo ni mfululizo wa runinga. Maleba, kwa bahati njema, hayana utata: ni mavazi na mapambo ya mwigizaji.

Kosa la kawaida zaidi la siku za mwanzo ni la pande. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji aliyeielekea hadhira, wala si kwa mtazamaji. Taa zikizimwa na waigizaji sita wakabadilishana nafasi gizani, anayechanganya pande humgonga mwenzake au huanguka ukingoni. Kwa Kiingereza kuna mtego wa ziada: majukwaa ya kale ya Ulaya yaliinuka kuelekea nyuma, ndiyo maana nyuma ya jukwaa bado huitwa juu, hata pale sakafu inapokuwa bapa kama meza. Kiswahili husema tu nyuma na mbele, ingawa nyuma ya jukwaa yaweza pia kuwa kule wanakobadilishia maleba.

Istilahi nyingi kati ya hizi zilizoea ukumbi wa aina moja: jukwaa upande mmoja, viti upande wa pili, kama Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Nairobi uliofunguliwa mwaka 1952. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mpaka huo ulilegezwa. Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi usio na paa, na mwaka 1977 wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika mbele ya kila aliyetaka kutazama, na watazamaji wakiwasahihisha waigizaji pale lugha au mwendo ulipokosewa.

Hapo ndipo lilipojitokeza neno ambalo ni nadra kukutwa katika orodha za msamiati za darasani: kibali. Novemba mwaka huo serikali ilikifuta kibali cha mchezo huo, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka kwa takriban mwaka mmoja.

Mapema mwaka 1982 kikundi hicho kilirudi na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, lakini milango ya Ukumbi wa Taifa ikafungwa dhidi yao. Waigizaji wakahamishia mazoezi yao Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakamiminika kuyatazama. Siku ya ufunguzi haikufika kamwe. Waliouona mchezo huo waliuona katika mazoezi. Hayo nayo yalipopigwa marufuku, ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa.