Steringi wa Mkono Mmoja

"Mwalimu, kati ya Wang Yu na Bruce Lee, nani angempiga mwenzake?"

Nafundisha uhariri wa filamu, na kila ninapoonyesha picha za Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, swali hili linafika kabla taa hazijawashwa. Wanauliza vijana wa mwaka wa kwanza. Mwezi uliopita aliniuliza mzee mmoja aliyekuja kama mgeni: alitazama One-Armed Swordsman kimya tangu mwanzo hadi mwisho, akafuta macho kwa leso, halafu, "Mwanangu, huyu na Bruce Lee..." Nilisikitika kweli. Alikuwa ameguswa na kitu kikubwa, na lugha pekee aliyokuwa nayo ya kukisemea ni ile tuliyoipata sote kwenye vibanda umiza: nani mkali kuliko nani.

Swali hilo halina jibu, kwa sababu limejengwa juu ya imani isiyo ya kweli. Imani yenyewe ni kwamba steringi wa picha la Kichina lazima alikuwa bingwa wa mapigano kabla hajawa mwigizaji, na kwamba kamera ilifika tu ikamkuta anapigana.

Wang Yu, aliyejulikana nje kama Jimmy Wang Yu, alizaliwa Shanghai na akaingia Shaw Brothers mwaka 1963. Sifa aliyokwenda nayo pale ilikuwa kuogelea. Alikuwa muogeleaji wa mashindano. Kuogelea kulimpa mabega, kifua na pumzi, lakini hakukumpa upanga. Aliyejua kupigana kweli alisimama nyuma ya kamera: Lau Kar-leung, mtoto wa mwalimu wa mtindo wa Hung Gar, aliyerithi mafunzo yanayofika hadi kwa gwiji wa mtindo huo, Wong Fei-hung mwenyewe. Yeye na mwenzake Tong Gaai ndio waliopanga mapigano ya One-Armed Swordsman, hatua kwa hatua, wakimfundisha Wang Yu pa kuweka mguu na pa kugeuza uso. Ukitaka bingwa kwenye picha ile, mtafute kwenye orodha ya majina ambayo watu huyapita bila kuyasoma.

Sasa tazama pigo moja linavyotengenezwa. Kamera inawekwa nyuma ya bega la mpigaji. Ngumi inapita mbali na shavu kwa kiasi cha kiganja, anayepigwa anatupa kichwa, na kwa kuwa lenzi haina namna ya kupima umbali huo, jicho lako linaapa kwamba imempata. Kamera inaendeshwa taratibu, fremu 20 au 22 kwa sekunde, halafu filamu inaonyeshwa kwa fremu 24, na mkono wa kawaida unakuwa umeme. Kuruka ukutani? Kuna trampolini nje ya fremu. Au mwigizaji anaruka kushuka, kisha filamu inarudishwa nyuma naye anaonekana anapanda. Studio ile ilikuwa ikipiga picha bila sauti, kwa hiyo kishindo cha pigo kiliingizwa chumbani baadaye, na mara nyingi hata sauti ya steringi ilikuwa ya mtu mwingine. Baada ya hapo ndipo mhariri anapokata: hatua tatu hapa, mbili pale, jicho, kisu, damu. Mimi hukaa na vijana wangu mezani tukahesabu. Pambano ambalo mtazamaji anadai aliliona "mfululizo" lina makumi ya vipande, na kwenye kila kipande mwigizaji amefanya hatua chache tu alizofanyia mazoezi asubuhi hiyo.

Hapo huwa nasikia, "Lakini Wang Yu alikuwa akipigana hata mtaani!" Ndiyo, nje ya studio alikuwa na sifa ya ugomvi, na magazeti ya Hong Kong na Taiwan hayakuificha. Hoja hiyo haithibitishi lolote. Ugomvi wa kweli huisha kwa sekunde, watu wameshikana mashati, na hakuna anayeona kitu. Kama ungepigwa picha, usingekaa hata dakika moja kuutazama. Bruce Lee naye, aliyekuwa amefunzwa kupigana kwa kina, alilazimika kupunguza, kupanua na kugawanya alichokijua ndipo kikaonekana kwenye pazia. Kuwashindanisha wawili hawa ni kushindanisha kazi za mafundi wawili tofauti ukidhani unashindanisha ngumi.

Kinachoniuma ni kile ambacho swali hilo linakifunika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanamume kwenye sinema ya Kichina cha Mandarini hakuwa mtu wa maana sana. Wanawake ndio waliojaza kumbi. Picha kubwa ya 1963, The Love Eterne, ina wapenzi wawili, na nafasi ya mwanamume imechezwa na mwanamke, Ivy Ling Po. Watu walimpenda mno, wala hakuna aliyeona pengo. Mwaka 1966 King Hu akatoa Come Drink with Me, na upanga ukawa mikononi mwa Cheng Pei-pei. Mwongozaji Chang Cheh ndiye aliyesimama kudai kwamba mwanamume arudishwe katikati ya picha, akiwa na kifua wazi, maumivu na damu. Akamchagua muogeleaji.

One-Armed Swordsman ilitoka Julai 1967, Hong Kong ikiwa katikati ya ghasia na mabomu ya mitaani. Wang Yu ni Fang Gang, mtoto wa mtumishi aliyekufa akimlinda bwana wake. Analelewa kwenye nyumba ya bwana huyo, wanafunzi wenzake matajiri wanamdharau, na usiku mmoja kwenye theluji binti wa mwalimu anamkata mkono wa kulia kwa hasira za kitoto. Anajikokota hadi darajani, anaangukia kwenye mtumbwi wa msichana wa shamba, na kwa muda mrefu tunatazama mtu anayejifunza kushika vitu upya.

Maadui wamebuni chombo cha kunasa upanga wa shule ya mwalimu wake: upanga ukishanaswa, mwenye nao anachomwa tumboni. Wanafunzi wazima, wenye mikono miwili na panga nzima, wanakufa mmoja baada ya mwingine. Fang Gang ana kipande cha upanga wa baba yake uliovunjika, na kitabu cha mafunzo kilichoungua nusu, nusu iliyobaki ikiwa ya mkono wa kushoto. Upanga mfupi haunasiki. Yale yaliyomfanya adharauliwe, umaskini wa baba na ulemavu, ndiyo yanayomwokoa yeye na mwalimu wake. Na baada ya kushinda hakubali kurithi shule. Anaondoka kwenda kulima na yule msichana. Mkono wa Wang Yu ulikuwa umefungwa ndani ya vazi, na nguvu yake yote ya uigizaji ikabaki usoni: taya limekaza, macho hayaombi huruma. Hicho ndicho kilichomliza yule mzee.

Ilikuwa filamu ya kwanza ya Hong Kong kuingiza dola milioni moja za Hong Kong nyumbani. Kuanzia hapo mwanamume akawa steringi na mwanamke akasogezwa pembeni. Kwenye Golden Swallow ya 1968 jina la picha ni la mhusika wa Cheng Pei-pei, lakini Wang Yu anaichukua picha yote. Hiyo ni hasara pia, nami huwaambia wanafunzi hivyo.

Na wanaodai Bruce Lee ndiye aliyeanzisha picha za mikono mitupu wasome tarehe. The Chinese Boxer, aliyoiandika, akaiongoza na kuicheza Wang Yu, ilitoka 1970. Ndani yake mna mtu anayetumbukiza mikono kwenye mchanga wa moto ili kuikomaza, na adui wa Kijapani aliyechezwa na Lo Lieh. The Big Boss ya Bruce Lee ilikuja Oktoba 1971. Bruce Lee aliukuta mlango wazi, na alipopita akaubomoa na ukuta wake.

Baada ya hapo Wang Yu akavunja mkataba wa Shaw, studio ikaenda mahakamani, Hong Kong ikafungwa kwake, akahamishia kazi zake Taiwan na kuwa mkubwa huko.

Kwa mwenye nia ya kutazama: anza na One-Armed Swordsman, kisha Golden Swallow, kisha The Chinese Boxer. Ukitaka visa vya ajabu, Master of the Flying Guillotine ya 1976. Kwa zile tatu za Shaw, tafuta nakala zilizosafishwa na Celestial Pictures, zenye sauti ya Kimandarini na maandishi chini; achana na zile zilizodabiwa kwa lugha nyingine. Usinunue kopi ya zamani ya umbo la mraba. Picha hizi zilipigwa pana, uwiano wa 2.35, na zikikatwa ziingie kwenye televisheni ya zamani unapoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha, ndiyo maana wengi tulikua tukiona upanga unaelea bila mwenyewe. Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha. Mara ya pili zima sauti na uhesabu mikato.

Na usiikose Dragon ya 2011, ambamo Wang Yu, akikaribia miaka 70, ni baba katili. Mwanawe, Donnie Yen, anajikata mkono ili kumkana, kisha anasimama mbele yake kupigana kwa mkono mmoja. Safari hii aliyekuwa na mikono miwili ni Wang Yu.