Kabla Hujanunua Gari Lililotumika: Kasoro Zinazoonekana na Zilizofichika

Ukisimama stejini Amukura ukingoja usafiri wa kwenda Busia au Malaba, uwezekano ni mkubwa kwamba gari litakalosimama mbele yako liliwahi kuendeshwa Japani kabla ya kufika Mombasa. Magari ya aina hiyo ndiyo yanayobeba mihogo yetu sokoni, walimu shuleni, wagonjwa hospitalini na maiti nyumbani. Familia nyingi hununua gari kama hilo mara moja tu maishani, kwa mkopo wa Sacco au kwa pesa za shamba lililouzwa.

Kwa sababu hiyo, kosa la kununua gari bovu ni kosa ghali. Hasara ya kwanza ni ya mfuko. Hasara ya pili huonekana katika hospitali zetu, kuanzia Alupe hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Busia, ambako majeruhi wa barabarani hupokelewa. Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kukagua magari. Kazi hiyo ni ya NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi. Lakini mwananchi mwenye habari anaweza kuepuka hasara zote mbili.

Makala haya yanaeleza jambo moja kuu: gari kuukuu lina kasoro za aina mbili, na kila aina hutafutwa kwa njia yake. Aina ya kwanza ni kasoro za uzee, ambazo makanika mzuri anaweza kuziona na kuzisikia. Aina ya pili ni kasoro za kiwandani. Hizo gari lilizaliwa nazo, na makanika anaweza kulikagua kutwa nzima asizione. Hutafutwa kwa namba ya chesisi.

KASORO YA KIWANDANI: MFUKO WA HEWA UNAOPASUKA

Mfano mkubwa zaidi duniani ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mfuko wa hewa, ambao wengi huuita eabegi, hukaa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi upande wa abiria. Gari likigonga kitu, kemikali iliyo ndani ya kikopo cha chuma huwaka na kutoa gesi, na mfuko hujaa kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho.

Takata ilitumia kemikali iitwayo amonia naitreti. Kemikali hiyo huharibika polepole inapokaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu. Ikishaharibika, huwaka kwa nguvu kupita kiasi. Badala ya kujaza mfuko tu, hupasua kikopo chenyewe, na vipande vya chuma huruka kuelekea uso, shingo na kifua cha aliyeketi mbele. Hata ajali ndogo, ambayo dereva angetoka akitembea, inaweza kuua.

Nchini Marekani watu zaidi ya 25 wamefariki kwa njia hiyo tangu mwaka 2009. Vifo vingine vimetokea Malaysia, nchi yenye joto na unyevu mwingi. Kampuni ya Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Watengenezaji wa magari walilazimika kutoa mwito wa kurejesha mamilioni ya magari ili yabadilishiwe kifaa hicho, na ndio mwito mkubwa zaidi wa aina hiyo katika historia ya magari.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwito uligusa aina tunazozifahamu: Toyota Corolla na Vitz, Honda Fit na CR-V, Nissan X-Trail, Subaru Impreza na Legacy, pamoja na nyingine nyingi za miaka ya 2000. Pili, joto na unyevu wa ukanda wetu wa Ziwa Victoria ndiyo hali inayoharibu kemikali hiyo haraka. Gari lililoletwa Kenya mwaka 2012 liliweza kuwa limesajiliwa Japani mwaka 2005. Kifaa chake, kama hakijawahi kubadilishwa, kina umri wa takriban miaka 20.

Si kila gari la aina zilizotajwa lina kasoro hiyo, na kuna aina nyingine zilizoguswa ambazo hatukuzitaja. Kwa hiyo usikisie kwa jina la gari. Angalia namba ya chesisi.

NAMNA YA KUTAFUTA KWA NAMBA YA CHESISI

Namba hiyo imo katika cheti cha umiliki, yaani logibuku, na imegongwa kwenye bodi ya gari lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu saba. Kwa mfano, Probox nyingi za kwanza huanza na NCP51, na Corolla nyingi za miaka ileile huanza na NZE121. Namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ni ya magari ya masoko mengine. Ndiyo maana mtu akiingiza namba fupi katika tovuti ya Marekani hapati jibu, kisha hudhani gari lake ni salama. Kukosa jibu si ushahidi wa usalama.

Watengenezaji wakubwa wa Japani wana ukurasa wa kutafutia katika tovuti zao za Japani. Lugha ni Kijapani, lakini simu ya kisasa hutafsiri ukurasa, na kinachohitajika ni kuandika namba tu. Njia nyingine ni kupeleka namba kwa muuzaji rasmi wa chapa hiyo hapa nchini na kuomba jibu kwa maandishi.

Kwa kanuni, gharama ya marekebisho ya mwito hulipwa na mtengenezaji, si mwenye gari. Uliza mapema ikiwa muuzaji huyo anahudumia gari lililoingizwa nchini likiwa limetumika.

Ikiwa gari lako limo katika mwito na bado halijarekebishwa, usimruhusu makanika wa kando ya barabara kuufungua mfuko huo. Kikopo kinaweza kulipuka mikononi mwake. Usinunue usukani wala dashibodi yenye eabegi kutoka kwa gari lililovunjwa, kwa kuwa huenda unanunua kasoro ileile. Kama kasoro iko upande wa abiria, kiti hicho kibaki kitupu hadi gari lirekebishwe. Watoto waketi nyuma na kila mtu afunge mkanda.

KASORO NDOGO INAYOWEZA KUWASHA MOTO

Mwezi Oktoba 2012 Toyota ilitoa mwito wa magari milioni 7.4 duniani, yakiwemo ya aina ya Vitz, Corolla na RAV4. Tatizo lilikuwa swichi ya kufungulia vioo iliyo mlangoni kwa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, hivyo swichi hukwama au hukwaruza inapobonyezwa.

Hatari hasa huletwa na jaribio la kuitengeneza. Mtu akinyunyizia mafuta ya kulainisha ya dukani ndani ya swichi hiyo, inaweza kuyeyuka, kutoa moshi na hata kushika moto. Gari lako likianza kukwama swichi, zuia mkopo ule wa kunyunyizia usiikaribie. Badilisha swichi yenyewe.

KASORO ZA UZEE

Hizi ndizo zinazolalamikiwa zaidi na wenye magari, na nyingi huanza kidogo.

Tairi. Kina cha meno hakitoshi kukuhakikishia usalama. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka na kupasuka kwa umri hata kama meno bado yapo. Tairi lenye nyufa ubavuni lisitumike.

Breki. Maji ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Yakichoka, breki huzama mguuni zinapopata moto. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Maji yaliyogeuka rangi ya chai ni dalili.

Usukani na miguu ya mbele. Kelele ya kugongagonga barabarani, usukani unaocheza kabla ya gari kugeuka, au tairi linaloliwa upande mmoja ni dalili za viungo na bushi zilizokwisha. Kiungo cha chini kikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na dereva hana tena la kufanya.

Mikanda. Ivute kwa nguvu ghafla, inapaswa kushika. Mikanda ya nyuma iliyofichwa chini ya viti haimwokoi mtu.

UZITO: GARI ZIMA HUHARIBIWA HIVI

Tuchukue Probox, gari linalosifiwa kwa uvumilivu. Probox ya mizigo ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa kubeba watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Wajapani huhesabu kila mtu kuwa kilo 55, kwa hiyo jumla ni takriban nusu tani.

Sasa hesabu abiria kumi wa kilo 65 kila mmoja: kilo 650. Ongeza magunia mawili ya mahindi ya kilo 90: jumla kilo 830. Gari hilo linabeba zaidi ya mara moja na nusu ya uzito wake halali. Kuongeza springi nyuma huinua bodi tu. Breki, tairi na ekseli hubaki zilezile, na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Kumbuka pia kwamba bima ya gari la kibinafsi haikuandikwa kwa kazi ya kubeba abiria wa nauli. Ajali ikitokea, abiria na mwenye gari wanaweza kubaki bila fidia.

BEI NAFUU KARIBU NA MPAKA

Wakazi wa Malaba na Busia huletewa ofa za magari ya bei ya chini kutoka ng'ambo. Elewa sheria kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mfano, kuanzia Januari 2025 gari lililosajiliwa mwaka 2017 halikuruhusiwa tena kuingia. Uganda, kwa upande wake, tangu Oktoba 2018 inakataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15 tangu kutengenezwa.

Tofauti hiyo ya miaka ndiyo chambo. Gari la miaka 12 linaweza kuwa halali kabisa Tororo lakini lisisajiliwe Kenya kamwe, hata ukiwa tayari kulipa ushuru. Atakayelinunua hatapata logibuku ya Kenya, na KRA inaweza kulikamata.

KABLA YA KULIPA

1. Tafuta rekodi ya gari kupitia huduma za NTSA katika eCitizen. Hakikisha jina la mwenye gari, namba ya injini na namba ya chesisi, na kama kuna mkopo juu yake.
2. Linganisha namba ya chesisi ya logibuku na iliyogongwa kwenye bodi. Iliyokwaruzwa au kuchomelewa ni sababu ya kuondoka.
3. Tafuta kama namba hiyo imo katika mwito wowote.
4. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha kuzima. Ikibaki imewaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa ili usijue.
5. Mlete makanika wako mwenyewe, si wa muuzaji. Gari liinuliwe na lijaribiwe barabarani.
6. Andikeni mkataba. Muuzaji ataje hali ya gari kwa maandishi na atie sahihi mbele ya shahidi.

UKIWA NA MALALAMIKO

Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inadai gari liwe la ubora unaofaa kuuzwa. Lakini ukilikagua mwenyewe, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kagua kwa makini, au usikague kwa jina tu.

Weka stakabadhi, mkataba, picha na ripoti ya makanika. Mwandikie muuzaji kwanza na umpe muda wa kujibu. Akikataa, unaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia haki za watumiaji, au kudai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Gari la abiria lililo hatari barabarani liripotiwe kwa NTSA au kituo cha polisi kilicho karibu.

Mkazi wa Busia, ikiwa gari lipo uani kwako leo, anza na hatua isiyogharimu chochote: chukua logibuku, nakili namba ya chesisi, na uitafute jioni hii. Ikiwa hujanunua bado, muuzaji anayekuharakisha ulipe kabla ya kuipata namba hiyo amekwisha kukupa jibu.